Jioni Ambayo Miwa ya Mzee Wangatia Haikuchomwa

Ninyi mnaobaki na funguo za maabara mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi hii kabla sijaisahau. Sijaisahau. Asubuhi nyingine bado naamka nikinusa gesi ambayo haipo, natoka kitandani kwenda kufunga mtungi, kisha nakumbuka kwamba niko nyumbani na ninapikia kuni. Lakini nimeona niandike sasa, kwa sababu mwezi uleule niliorudisha funguo ndio tuliomzika Mwalimu Shiundu, aliyenifundisha kazi. Pale kwenye mazishi walisema mengi mema juu yake, na yote yalikuwa kweli, ila hakuna aliyetaja jiwe. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu na kipaza sauti. Nitalitaja hapa.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Mhudumu wa maabara huanza akiwa mhudumu wa maabara na humaliza vivyo hivyo. Mshahara mnaujua, maana ndio mnaoupokea.

Nilifika shuleni miaka ile ambayo miwa ilikuwa imekuja mpaka mlangoni mwa kila mtu. Watu waling'oa migomba wakapanda miwa. Walikata hata ua wa nyumba wakapanda miwa. Ukitoka Shianda kwa miguu ulitembea katikati ya kuta mbili za kijani, na ukisikia trekta unatafuta mtaro wa kujitupa. Shule yetu ya wasichana ilikuwa imezungukwa pande tatu. Upande wa nne ulikuwa barabara.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na nilidhani nimeitwa kupiga deki. Mwalimu Shiundu, aliyefundisha fizikia, alinipokea kwenye mlango wa maabara, mtu mwembamba mwenye mikono ya shati iliyokunjwa. Hakunionyesha ndoo. Alijaza maji kwenye chupa ndefu yenye mistari akaniambia, "Soma."

Nikasoma nikiwa nimesimama.

"Inama, mama. Jicho lako na maji yawe sawa."

Nikainama, na kumbe maji yalikuwa na bonde katikati. Akaniambia nisome chini ya bonde, si kwenye kingo. Akamwaga, akajaza tena, akamwaga, akajaza. Mara moja maji yalilala kati ya mistari miwili, na kila nilipotazama niliona tofauti. Nikamwambia, "Hapa siwezi kusema. Iko katikati, na sitaki kukudanganya."

Akacheka akafunga bomba. "Umeajiriwa," akasema. Baadaye nilijua kwamba mkuu wa shule ndiye aliyetakiwa kusema hivyo.

Aliyonifundisha mengi mnayajua, lakini nitarudia machache. Chupa usiinuse kwa kuisogelea. Peperusha hewa kwa kiganja ikufuate. Asidi huingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi. Chura wa somo la bayolojia hukamatwa asubuhi kwenye mitaro ya miwa, na usimpe jina, maana utamlilia. Na msichana akikosea kusoma bureti, ule mrija mrefu wa kupimia asidi, usimrekebishie. Mwache aandike alichokiona yeye. Mwalimu alikuwa mkali sana kwenye hilo. Alisema namba mbaya iliyoonwa kweli ina faida kuliko namba nzuri ya kunakiliwa. Miaka yangu yote nimeona wasichana wakilia kwa ajili ya namba mbaya, na sikuwahi kusogeza kalamu ya mmoja wao, ingawa mara nyingine ulimi uliniwasha.

Darubini tuliikuta kwenye kabati la nyuma. Aliiacha mwalimu wa kigeni aliyerudi kwao na hakuwa na namna ya kuibeba. Lenzi zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama nyuzi za buibui, kwa sababu unyevu wa kwetu unaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mwalimu alinionyesha kuzisafisha kwa pamba na spiriti, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Tangu hapo nilizihifadhi kwenye chombo cha kioo chenye zile punje za buluu zinazogeuka waridi zikishiba maji. Zikigeuka, nazikaanga kwenye oveni mpaka zirudi buluu. Niliwahi kumkuta mpishi mmoja wa shule akizitazama kwa hamu. Nilimwambia ni sumu. Si sumu sana, lakini ilibidi.

Jioni za kiangazi Mwalimu aliwatoa wasichana uwanjani kuangalia mwezi na Mshtarii. Kila mara, katikati ya somo, masizi meusi yalikuwa yakituangukia kichwani. Ndivyo ilivyokuwa sehemu zetu. Miwa ikifika zamu yake, inayopangwa na ofisi ya mashamba ya kiwanda cha sukari, shamba linachomwa jioni upepo ukitulia, majani makavu na nyoka viondoke, na asubuhi wakataji wanaingia. Kila jioni kulikuwa na moto mahali fulani. Mwalimu alikuwa akipangusa lenzi akisema, "Leo tumeona miwa ya fulani," kisha anawarudisha wasichana ndani.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Desemba, habari zilimfikia kupitia rafiki yake aliyefundisha Matete. Watu wanaopima anga walikuwa wamepiga hesabu kwamba asteroidi moja, yaani sayari ndogo, itapita mbele ya nyota fulani mwezi wa kwanza, na kwamba kivuli chake kitapita juu ya sehemu zetu. Waliomba yeyote mwenye darubini aangalie. Mwalimu aliingia maabara siku hiyo akitembea haraka mpaka akagonga meza.

Sikujua asteroidi ni nini, na nilimwambia hivyo. Shule zilipofunguliwa aliwafundisha Kidato cha Tatu, nami nikasimama nyuma. Alileta bonge la sukari guru, ile nyeusi inayochemshiwa huku kwetu, akalifunga kwa uzi akalining'iniza mbele ya taa.

"Kati ya Mirihi na Mshtarii," alisema, "kuna mawe mengi yanayolizunguka jua. Makubwa machache, madogo hayahesabiki. Hili letu halikuwa likijulikana. Mtu mmoja ng'ambo, zamani, alipiga picha ya anga akaiacha kamera ikizifuata nyota kwa muda mrefu. Nyota zote zikatoka nukta. Kitu kimoja kikatoka kamstari, kama kalamu imeteleza. Kwa nini?"

Msichana mmoja akasema, "Kwa sababu kilikuwa kinatembea."

"Basi ndivyo lilivyopatikana. Si kwa ukubwa wala kwa uzuri. Lilipatikana kwa sababu halikutulia."

Kisha akalizungusha lile bonge, akatuonyesha jinsi mwanga wake unavyopungua na kuongezeka kadiri linavyogeuza ubavu na kichwa. Kutokana na hilo walijua linajizungusha kwa saa chache, na kwamba huenda si la mviringo. Walijua ni jeusi kama makaa. Walijua linachukua miaka kadhaa kulizunguka jua mara moja. Ukubwa wake hawakuujua, walikisia tu. Nyota ile iko mbali mno, akatuambia, kiasi kwamba kivuli cha jiwe kikianguka duniani kinakuwa na upana uleule wa jiwe lenyewe. Watu wakisimama sehemu mbalimbali, mmoja Matete, mmoja hapa, wengine mbali zaidi, na kila mmoja aseme nyota ilimzimikia kwa muda gani, ukiunganisha majibu yao unapata umbo la jiwe. Na aliyekaa nje ya kivuli akisema kwangu haikuzima, naye amesaidia.

Kengele ilipolia, wasichana waliuliza kama wanaweza kulila jiwe. Walilila lote.

Kazi iligawanywa hivi. Redio moja ikamate kituo kinachopiga ile tip, tip, tip ya saa sahihi. Kando yake iwekwe rekoda ya kaseti inayonasa tip hizo pamoja na sauti ya anayeangalia. Yeye akiona nyota imezimika anasema, akiona imewaka anasema. Baadaye unasikiliza kaseti na kupima. Mwangaliaji angekuwa Mwalimu, bila shaka. Nani mwingine?

Tulianza mazoezi. Nyota yenyewe haikuonekana kwa macho matupu. Ilibidi uanzie kwenye Kilimia, ushuke kutoka nyota hadi nyota, mpaka ufike kwenye vinyota vitatu vilivyokaa kama mafiga, na yetu ilikuwa figa la kushoto. Jioni ya kwanza Mwalimu aliipata akaipoteza. Ya pili hakuipata. Nilikuwa nimeshika tochi yenye karatasi nyekundu, na nilimwona akijifuta macho kwa leso, akatazama, akajifuta tena. Hospitali walikuwa wameshamwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Mimi sikujua. Alikaa chini kwenye nyasi muda, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeniomba nimpe chaki:

"Truphena, utaangalia wewe. Mimi nitashika redio."

"Mwalimu, mimi?"

"Wewe ukiona utasema umeona. Usipoona utasema hukuona. Sihitaji zaidi."

Nilikaa kwenye gunia, nikaweka jicho, nikaanza kuitafuta Kilimia. Nililia kidogo, na nikagundua kwamba machozi yanaharibu nyota, nikaacha.

Siku ilipokaribia, shamba lililopakana na uwanja wetu likapata zamu. Lilikuwa la Mzee Wangatia. Lingechomwa jioni ileile tuliyoingojea.

Nilikwenda kwanza kwa Makokha, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa nyapara wa kikosi cha wakataji. Nilimkuta nje ya nyumba akinoa panga.

"Mulembe, shemeji. Leo umekumbuka maskini?"

"Mulembe. Nina shida."

"Wewe shida yako inaandikwanga kwa uso. Kaa."

Nikamweleza. Aliweka panga chini.

"Ngoja nielewe. Kuna jiwe."

"Ndiyo."

"Liko juu huko."

"Kupita Mirihi."

"Na halionekani."

"Kwa darubini yetu, halionekani."

"Na hilo jiwe halionekani litafunika nyota, na hiyo nyota pia mimi siwezi iona kwa macho yangu."

"Kwa sekunde chache tu, shemeji."

Akageukia jikoni. "Mama Atsango! Kuja usikie! Shemeji anataka nizuie moto juu ya kitu hakuna mtu anaonanga!"

Mkewe akajibu bila kutoka, "Si hata Jumapili unaendanga kuabudu kitu hauoni?"

Makokha akanitazama. "Huyu atanimaliza," akasema. "Lakini shemeji, moto si wangu. Mimi nakatanga, sichomangi. Nenda kwa mwenye shamba."

Mzee Wangatia alinipa kiti na chai kabla ya kuniuliza neno. Nilipomaliza kueleza, alinyoosha mkono kuelekea shambani. Miwa yake ilikuwa imepitwa zamu mara mbili. Ilikuwa imeshatoa maua na kuanza kukauka katikati. Alinionyesha fimbo moja aliyoipasua. Ndani ilikuwa kama sifongo.

"Mwanangu, mimi sina ubaya na nyota," akasema. "Lakini nikisema leo hapana, trekta litaenda kwa mwingine. Nitaliona tena lini? Hii miwa ni mwaka na nusu wa mgongo wangu na wa mama yao."

Sikumbembeleza, kwa sababu alikuwa na haki. Nilimshukuru kwa chai, nikarudi shuleni nikamweleza Mwalimu. Alikuwa akiweka betri mpya kwenye rekoda.

"Ana haki," akasema.

"Ndiyo."

"Rafiki yangu wa Matete ataangalia. Sisi tutaangalia moshi." Akaendelea kufunga kifuniko cha betri. Kilikuwa kimeshafungika, lakini aliendelea kukibonyeza.

Makokha alikuja nyumbani kwangu kesho yake kabla sijaenda kazini. Hakukaa.

"Miwa inaweza katwa bila kuchomwa," akasema.

Ninyi mliokulia mjini lazima niwaeleze. Miwa iliyochomwa mkataji anaiingia ikiwa uchi. Miwa mibichi imevaa majani yake yote, na jani la muwa ni wembe pande zote mbili. Lina vinyweleo vinavyoingia shingoni na kuwasha siku nzima. Nyoka wamo ndani. Kazi inakwenda polepole, na mkataji hulipwa kwa anachokata. Hakuna anayeipenda.

"Vijana wamekubali?"

"Wamenitukana kwanza. Halafu wamekubali. Wanaanza leo, wamalize kesho kabla ya giza. Mzee Wangatia amesema yeye anataka miwa iwe kwa trekta, moto haumjengei nyumba. Ofisi ya mashamba nayo haina neno, miwa ni miwa."

"Kwa nini, shemeji?"

"Mama Atsango amesema nisipokusaidia nilale nje na hizo nyota zenu." Akaanza kwenda, akageuka. "Na vijana wamesema lazima waangalie kwa hiyo darubini. Kila mtu. Hata Musundi."

Wasichana waliwatazama kutoka madirishani siku mbili hizo, na walimu waliwaacha. Wakataji walikuwa wamefunga magunia mikononi na kuvaa soksi kwenye viganja, na bado ilipofika mchana mikono yao ilikuwa na michirizi kama imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Niliwapelekea mkebe wa mafuta mazito ya maabara, yale ya kupaka kwenye bomba za bureti. Musundi, aliyekuwa mkubwa wa mwili kuliko wote, alijipaka mpaka masikioni. Mwalimu Shiundu aliwabebea maji. Alikuwa amevaa tai. Alipita kwenye mistari na ndoo na kikombe, na kila aliyekunywa, Mwalimu alimwambia asante kwa jina lake. Kama hakulijua, aliuliza.

Siku ile jioni shamba lilikuwa limelala. Trekta la mwisho liliondoka jua likizama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike shuleni niliona, kutoka uwanjani, mpaka mtoni.

Mkuu wa shule aliamuru taa zote zizimwe. Mwalimu aliweka redio na rekoda juu ya stuli, mimi nikakaa kwenye gunia chini ya darubini, kwa sababu Kilimia ilikuwa juu kabisa na shingo haikutaka. Nilishuka nyota kwa nyota. Nilifika kwenye mafiga. Figa la kushoto lilikuwa pale, dogo, limetulia. Mwalimu akawasha rekoda. Tip, tip, tip.

Kisha mafiga yakafifia.

Nilipepesa jicho. Yalikuwa yakififia yote matatu. Nikasikia harufu, na wakati huohuo Mwalimu akasema taratibu, "Truphena, kuna ukungu, au ni macho yangu?"

"Si macho yako, Mwalimu. Ni moshi."

Sikuweza kuinuka. Kama ningeacha darubini, kuipata nyota tena kungechukua muda ambao hatukuwa nao. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia. Vijana walikuwa wamemkamata ndezi mnono, yule panya mkubwa wa miwa, kwenye mistari ya mwisho. Shamba likimalizika, ndezi ni haki ya wakataji, na ndezi hubabuliwa manyoya kwenye moto. Siku mbili walikuwa wamekata miwa mibichi ili kusiwe na moshi, kisha, kwa mazoea ya mikono yao, wakakusanya majani makavu pembeni na kuwasha. Sidhani kama hata mmoja alikumbuka.

"Makokha!" Mwalimu aliita. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Makokha! Moto!"

Miguu ikakimbia kwenye majani.

"Zima! Zima hiyo kitu!"

"Na ndezi?"

"Ndezi ashakufa, nyota bado! Zima!"

"Kwa maji gani? Maji imeisha! Mwalimu alimaliza kutugawia!"

"Leta hiyo nyungu!"

Halafu sauti ya Musundi, ya mtu anayeona jambo baya likija. "Makokha, si hiyo. Makokha, hiyo ni ya kufunga kazi. Makokha, nakuomba kama ndugu yako..."

Nikasikia mchirizo mkubwa, na mvuke wa busaa, pombe yao ya kienyeji, ukaja uwanjani wote, mchachu na mtamu. Mkuu wa shule, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikohoa.

Tip, tip, tip. Mafiga yalikuwa bado hafifu. Nilikuwa nimeshika nyasi kwa mikono miwili. Mwalimu hakuniuliza kitu. Upepo kidogo ukapita, nikauhisi shavuni, na la kulia likarudi, kisha la juu, kisha letu. Likatulia.

"Naiona," nikasema.

"Vizuri."

Sijui muda gani ulipita. Mtajua kwamba jicho likitazama kitu kimoja sana linaanza kudanganya. Nyota inacheza, inakuwa mbili. Nilijiambia nisiseme kitu mpaka kitu kiwepo. Kisha pakawa na mafiga mawili.

"Imezima," nikasema. Sauti ilitoka kabla yangu.

Nilitazama pale ilipokuwa. Palikuwa peusi, si zaidi ya kwingine. Nilijua kuna kitu pale, kikubwa kuliko safari ya kutoka hapa mpaka Matete, na sikukiona.

"Imewaka."

Mwalimu aliiacha rekoda iendelee muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaizima.

Wakataji walikuja wakapanga mstari, magunia bado mikononi. Musundi alikuwa wa kwanza, kwa sababu aliona ana madai.

"Hii tu?" akauliza.

"Hii tu," nikamwambia.

"Hii ndio imekunywa busaa yangu?"

Watu walicheka mpaka wasichana wakasikika wakicheka bwenini. Lakini alirudi nyuma ya mstari akaangalia tena. Makokha alikuwa wa mwisho. Alikaa kwenye gunia, akafumba jicho lililo kwenye darubini, nikamfundisha kufumba lingine. Alikaa pale kwa muda.

"Na jiwe sasa liko wapi, Mwalimu?"

"Limeenda zake. Halijui hata kama tulikuwa hapa."

"Kumbe ni kama ofisi ya mashamba," Makokha akasema, akainuka akijikuna shingo.

Walipoondoka nilianza kufunga darubini. Mwalimu alirudisha kaseti nyuma akaisikiliza, pale gizani. Zilikuwemo tip za redio, kelele zote za ndezi, na mimi. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Niambie," akasema. "Ilififia, au ilikatika?"

Nilielewa anachouliza. Kitu chenye hewa kukizunguka kingeifanya nyota ipungue polepole. Alijua jibu, limo kwenye vitabu. Alitaka kulisikia kwa mtu aliyeliona.

"Ilikatika, Mwalimu. Kama uzi."

"Hata kidogo haikufifia?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa kwa furaha, mtu ambaye hakuwa ameona chochote, na akanisaidia kubeba stuli.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi. Kwa rafiki yake wa Matete nyota ilizima muda mrefu kuliko kwetu. Kwetu jiwe lilipita kwa ukingo wake. Pamoja na majibu ya watu wa mbali walipata umbo: refu kuliko upana wake, na upande mmoja umebonyea. Mwalimu alilichora ubaoni. Akaweka mstari mrefu akaandika Matete, na chini yake, karibu kabisa na ukingo, kamstari kafupi. Hapo aliandika jina la shule, na kando yake, kwa chaki hiyohiyo, akaandika wakataji, na Mzee Wangatia, na jina langu. Jina lake hakuandika. Msichana mmoja alimkumbusha. Akasema nafasi imeisha ubaoni, na ubao ulikuwa mtupu nusu nzima.

Alifundisha miaka mingine kadhaa, mwisho akisomewa na wanafunzi na kuandika ubaoni kwa kupapasa kwa mkono wa kushoto. Kisha akastaafu akarudi kwao Ekero. Mimi niliendelea. Nimefanya kazi na walimu wengi wazuri baada yake, na wengine mnawajua; nawashukuru wote. Miwa nayo mmeona ilivyokuja kuwa. Siku hizi ukisimama uwanjani unaona mpaka mtoni mwaka mzima.

Nilikuwa nikimtembelea nikipata nafasi, nikimpelekea habari za maabara: oveni mpya, bomba lilelile linalovuja. Mara ya mwisho ilikuwa wiki chache kabla hajafa. Alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, macho wazi, yasiyoona kitu. Aliijua sauti yangu kabla sijafika kitini. Tuliongea juu ya watoto, juu ya dawa, juu ya mvua. Kisha akaniuliza kama alivyokuwa akiniuliza kila mara.

"Truphena. Ilififia, au ilikatika?"

"Ilikatika, Mwalimu."

Nilidhani amelala. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Na ilirudi?"

Hilo hakuwahi kuniuliza. Nilisogeza kiti karibu ili asikie vizuri.

"Ilirudi, Mwalimu. Palepale ilipokuwa. Niliiona mimi mwenyewe."

"Vizuri," akasema, na akamwita binti yake atuletee chai.